Damu ya Watoto Baina ya Milima na Ziwa

Mtoto aliyepungukiwa na damu aghalabu haugui kwa namna ya kumshitua mzazi wake, kwani hana joto la kuungua wala kikohozi cha kukesha, ila hupoa, huchoka upesi na kukataa chakula, hata wenzake wakamwita mvivu; ndiyo sababu maradhi haya, ijapokuwa yameenea kupita kiasi, hukaa majumbani bila ya kutajwa. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2004-05, uliopima tone moja la damu ya kidole au ya kisigino kwa chombo kidogo cha mkononi, ulikuta kwamba watoto 72 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana himoglobini iliyo chini ya gramu 11 kwa desilita. Mwaka 2010 wakawa 59, mwaka 2015-16 wakawa 58, na mwaka 2022 wakarejea 59. Tulishuka mara moja, kisha tukaketi.

Sababu za kuketi huko humdhihirikia mtu asimamaye Kitai, ambako njia itokayo Songea hugawanyika, moja ikipanda Mbinga na nyingine ikielekea Lituhi, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Huko juu, penye ngoro, yaani mashimo ya kilimo, za Wamatengo, baridi huwapunguza mbu, na chakula ni ugali na maharage. Chuma kimo katika maharage hayo, lakini asidi ya fitiki ya nafaka na kunde hukifunga, na chai inywewayo pamoja na chakula huzidi kukizuia, mwili ukaambulia sehemu haba. Huko chini dagaa wapo, na chuma cha samaki huingia mwilini kwa wepesi zaidi, ilhali malaria huzivunja seli nyekundu kwa kasi isiyowezwa na lishe, na minyoo ya safura hunyonya damu matumboni mwa watembeao peku. Pande zote mbili, akiba ya chuma aliyotoka nayo mtoto tumboni mwa mamaye hukaribia kwisha atimizapo miezi 6, naye huanzishiwa uji mweupe wa mahindi, ambao humshibisha pasipo kumjenga.

Yamkini msomaji atauliza, mbona watoto wote wasigawiwe dawa ya chuma? Jambo hilo lilijaribiwa Pemba kwa maelfu ya watoto, na mwaka 2003 ugawaji ukasimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa miongoni mwa waliopewa chuma na asidi ya foliki, waliolazwa au kufariki walizidi; bali wale waliokuwa na upungufu halisi wa chuma, wakafuatiliwa na kutibiwa malaria ipasavyo, walinufaika. Kwa hiyo chandarua ni sehemu ya tiba ya damu sawa na dagaa.

Mzazi usomaye haya, kifungue kiganja cha mwanao mchana, ukilinganishe na chako. Ukikiona kimepauka, usikimbilie duka la dawa, bali mpeleke zahanati, apimwe damu na malaria kabla ya kupewa chuma.