Tiketi ya bure ya kuja Kigali ina mlipaji wake

KILA ifikapo Julai, ndege zinazotua uwanja wa Kanombe hujaa ndugu zetu wanaoishi Marekani, Kanada na Ulaya. Shule za huko zimefungwa, harusi za huku zimepangwa, na karibu kila familia ina mtu wa kumpokea. Lakini miaka ya karibuni limezuka neno jipya sebuleni, kuanzia Kimironko hadi Kicukiro: fulani hakununua tiketi, amekuja kwa pointi.

Neno hilo huwachanganya wengi. Wapo wanaodhani ni utapeli wa mitandaoni, wapo wanaodhani ni bahati nasibu, na wapo wazee wanaoamini kwamba kama tiketi ni ya bure, basi mtoto wao hana kisingizio cha kutokuja kila mwaka. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na jambo hili ni hesabu tupu, tena ya darasa la saba.

Benki za Marekani hugombania wateja wa kadi za mkopo. Kadi hiyo si sawa na ile tunayoingiza kwenye mashine ya kutolea fedha hapa mjini, ambayo hutoa fedha zako mwenyewe. Hii hutumia fedha za benki: unanunua leo, mwisho wa mwezi unaletewa hesabu. Ukilipa deni lote kwa wakati, hutozwi riba. Ili kukuvuta, benki inakuahidi zawadi ya kujiunga. Mfano unaojulikana sana ni kadi ya Chase Sapphire Preferred, ambayo kwa muda mrefu ilitoa pointi 60,000 kwa mteja mpya aliyefanya manunuzi ya dola 4,000 ndani ya miezi mitatu, kwa ada ya dola 95 kwa mwaka. Ukizigeuza pointi hizo kuwa fedha unapata dola 600. Ukizihamishia kwa shirika la ndege na kuchagua safari vizuri, zinaweza kukununulia kitu cha thamani kubwa zaidi.

Siri yenyewe ni kurudia. Mtu anachukua kadi ya kwanza, anapata zawadi, anatulia miezi kadhaa, kisha anaomba kadi ya benki nyingine. Mkewe naye anafanya vivyo hivyo kwa jina lake.

Mtoto wa mjomba wangu, anayefanya kazi ghalani katika jimbo la Ohio, ameifanya kazi hii tangu 2019. Aliponitembelea alinionyesha daftari lake, na ninaposema daftari nina maana ya daftari la karatasi, lenye safu zilizopigwa kwa rula: siku ya kufungua kadi, kiasi cha kutumia, siku ya mwisho, siku ya ada ya mwaka.

"Mwalimu, hili daftari ndilo linalonileta nyumbani," aliniambia. "Siku nikisahau tarehe moja, itakayosafiri ni benki."

Dola 4,000 kwa miezi mitatu si mchezo kwa kibarua wa ghalani. Anachofanya ni kuhamishia matumizi yote ya kawaida kwenye kadi mpya: chakula, petroli, simu, bima ya gari, matairi. Panapopungua, jamaa wanasaidia. Wanyarwanda wa mji wake wana kikundi cha kuchangiana kama ibimina vyetu. Ikitokea harusi, wenzake wanamkabidhi michango taslimu, yeye analipia ukumbi na vyakula kwa kadi, na fedha zile anaziingiza benki siku hiyo hiyo kumaliza deni. Hakuna aliyepoteza senti, na pointi ni zake. (Siku hizi wenzake wameshtuka, kila mmoja anadai zamu yake.)

Mambo haya hayakuanza jana. Shirika la American Airlines lilianzisha mpango wake wa AAdvantage mwaka 1981, ukiwa wa kuwazawadia abiria wanaosafiri sana. Mwaka 1987 likaungana na Citibank kutoa kadi ya mkopo yenye maili. Tangu hapo maili ikaacha kuwa kipimo cha safari, ikawa aina ya fedha ambayo mtu anaweza kuichuma akiwa amesimama kwenye foleni ya duka.

Na penye fedha pana wajanja. Mwaka 2008 kiwanda cha serikali ya Marekani kinachotengeneza sarafu kilianza kuwauzia wananchi sarafu za dola moja kwa bei ile ile ya dola moja, tena kwa kuwapelekea nyumbani bila gharama, ili zizoeleke mitaani. Watu wakaziagiza kwa maelfu kwa kadi zao, wakapokea maboksi, wakayapeleka moja kwa moja benki kulipia deni la kadi. Sarafu hazikuzoeleka popote, lakini wenyewe walipanda ndege. Julai 2011 kiwanda kikaacha kupokea kadi za mkopo kwa ajili ya sarafu hizo.

Benki nazo zimejifunza. Tangu 2014 American Express humpa mteja zawadi ya kadi ya aina moja mara moja tu maishani. Chase, kwa kawaida, humkataa mwombaji aliyefungua kadi tano au zaidi za benki yoyote ndani ya miezi 24. Ndiyo maana ya lile daftari.

Msomaji atauliza, pointi za benki ya Marekani zinafikaje Kigali? Jibu lipo kwenye miungano ya mashirika ya ndege. RwandAir haimo katika muungano wowote mkubwa, ina mpango wake wa Dream Miles. Lakini Ethiopian Airlines iliingia Star Alliance Desemba 2011, na humo wamo pia Brussels Airlines na Turkish Airlines. KLM na Kenya Airways wako SkyTeam. Kwa hiyo mtu mwenye pointi za United au za Aeroplan, ambao ni mpango wa Air Canada, anaweza kukata tiketi ya Ethiopian kupitia Addis Ababa akalipa kodi na tozo tu. Tatizo ni viti. Viti vya pointi ni vichache, na vya Julai na Desemba hugombaniwa karibu mwaka mzima kabla.

Tena thamani ya pointi haina mlinzi. Delta iliondoa jedwali la bei zake za maili mwaka 2015, United ikafuata 2019. Safari iliyokuwa na bei inayojulikana, leo ina bei ya siku. Anayelimbikiza pointi miaka mitano akidhani ameweka akiba anajidanganya.

Hata hivyo siwezi kuidharau kazi ya binamu yangu, na sababu yangu ni hii. Familia yetu ilitawanyika tangu enzi za ukimbizi. Mimi nilisomea Tanzania, wengine Burundi, wengine Uganda, na tuliporudi wapo ambao hawakurudi. Mjomba alipofariki mwaka 2022, mwanawe alikuwa Ohio, na tiketi ya kuondoka kesho yake ilikuwa na bei iliyozidi mshahara wake wa mwezi. Pointi zilikuwapo. Akapata kiti kupitia Addis Ababa, akafika usiku wa kuamkia mazishi. Alishika koleo pamoja nasi. Anayejua maana ya kumzika baba yako kwa kutazama simu hatauliza kama zile kadi zilikuwa na faida.

Lakini kiti kile kililipiwa, na hapa ndipo hesabu inapouma. Benki haitoi zawadi mfukoni mwake. Kila kadi inapotumika, muuzaji hukatwa sehemu ya fedha, na kwa kadi zenye zawadi nchini Marekani makato hayo hufika asilimia mbili au zaidi. Muuzaji naye hupandisha bei ya bidhaa zote, kwa wateja wote. Mwenye kadi anarudishiwa sehemu yake kwa njia ya pointi. Anayelipa taslimu harudishiwi kitu.

Mwaka 2010 wachumi wa Benki Kuu ya Marekani tawi la Boston walipiga hesabu hiyo. Walikadiria kwamba kwa mwaka kaya inayolipa taslimu hutoa wastani wa dola 149 kwenda kwa wenye kadi, na kaya inayotumia kadi hupokea wastani wa dola 1,133. Wanaolipa taslimu kwa wingi ni watu wa kipato kidogo. Ni mchango, ila huu unatoka kwa maskini kwenda kwa mwenye nacho.

Nilipomsomea binamu yangu takwimu hizo alicheka, kisha akanyamaza. Alipofika Marekani mwaka 2014 hakuna benki iliyomjua. Kule kila mtu ana alama za ukopaji, kati ya 300 na 850, na mgeni hana hata moja. Karibu miaka miwili alilipa kila kitu taslimu, hadi alipopata kadi ya kuanzia, ile ambayo wewe ndiye unaiwekea benki dhamana, yeye aliweka dola 300. Miaka miwili ile alinunua mchele na maziwa kwa bei ile ile ya mwenye kadi ya pointi.

"Kwa hiyo nilikuwa nawalipia watu likizo," alisema.

Shangazi yetu aliyeko Brussels alidhani binamu anamficha siri, maana kadi yake haimpi pointi za maana. Hakuna siri. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha ada ambayo benki zinaweza kuwakata wauzaji kwa kadi za wateja wa kawaida: asilimia 0.2 kwa kadi za akiba na 0.3 kwa kadi za mkopo. Chungu kikawa kidogo, mnofu ukapungua. Marekani sheria ya 2010 iligusa kadi za akiba tu, za mkopo zikaachwa.

Mlipaji mwingine ni mwenye deni. Tangu 2023 riba ya kadi Marekani imekuwa wastani wa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Niliwapa wanafunzi wangu swali: mtu ana deni la dola 4,000, riba ni asilimia 24 kwa mwaka, kila mwezi analipa riba peke yake, na tiketi aliyoipata ina thamani ya dola 1,200. Itamchukua muda gani kuilipia? Riba ni dola 80 kwa mwezi. Baada ya miezi 15 ameinunua tiketi kwa bei kamili, na lile deni la dola 4,000 bado linamsubiri. Darasa lilipiga kelele. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua dada mmoja aliyekuja kwa pointi mwaka 2023 akiwa na zawadi za ukoo mzima alizonunua kwa kadi, na hadi leo anazilipia.

Sisi wa huku tuna sehemu yetu katika hilo. Tunaomba. Na tuelewe jambo moja: ndugu akikutumia fedha kwa kadi ya mkopo, benki nyingi huhesabu kuwa amechukua fedha taslimu. Anatozwa ada papo hapo, riba inaanza siku ile ile, na pointi hapati. Ni afadhali mara kumi atume kutoka akaunti yake ya kawaida, zikufikie kwenye simu.

Hapa Kigali kadi za mkopo zipo kwa wachache, na muuza nyanya wa Kimironko ana namba yake ya MoMo imebandikwa ukutani. Zawadi ya dola 600 kwa kujiunga haitarajiwi, na sioni sababu ya kuililia maadamu atakayeilipia ni huyo muuza nyanya na wateja wake.

Binamu yangu sasa ana kadi nne ndani ya miezi 24, amesimama. Zamu ni ya mkewe. Wanatafuta viti viwili vya Desemba, kwa ajili ya harusi ya mdogo wetu. Zimebaki pointi 22,000, na bima ya gari italipwa Septemba.