Mgeni Asifukuzwe na Bei ya Nguo

Mwaka jana chama chetu kiliigiza kisa cha Mekatilili wa Menza, yule mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka wa 1913. Tulimtaka kila mwigizaji alete vazi lake mwenyewe, na ada ya uanachama juu yake. Mweka hazina ni mimi, daftari nilikuwa nalo mkononi. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza, mwenye sauti ya kusikika hadi jikoni, aliuliza bei ya hando mara moja tu. Mkutano uliofuata hakuonekana. Tukasema eti hana bidii.

Basi juzi nilisoma habari za watu wa Marekani ambao burudani yao ni kuigiza maisha ya kale, nikaona haya. Chama chao, SCA kwa kifupi, kilianza tarehe 1 Mei 1966 mjini Berkeley, California, pale wapenzi wachache wa historia walipofanya mashindano ya panga uani mwa nyumba. Siku hizi kina falme 20. Ndiyo, falme! Mfalme hapigiwi kura; anayewashinda wenzake uwanjani ndiye anayevikwa taji, na baada ya miezi michache humpisha mwingine. Wanaigiza nyakati za kabla ya karne ya 17, hasa za Ulaya. Panga zao ni za henzirani, ule mti wa kusukia viti, lakini pigo lake si mchezo. Lazima uvae deraya na kofia ya chuma.

Hapo ndipo pesa huhitajika. Deraya haiuzwi kila duka, bwana. Kuna nguo, hema, nauli na kiingilio. Mkutano wao mkubwa, Pennsic, ulioanza mwaka wa 1972 na kufanyika Pennsylvania, huchukua wiki mbili na huweza kukusanya watu zaidi ya 10,000. Mwanafunzi asiye na kitu ataanzia wapi?

Ataanzia kwa afisa wa wageni. Karibu kila kikundi kina mtu ambaye kazi yake ni kuwapokea wapya, naye hutunza sanduku la nguo liitwalo Ufunguo wa Dhahabu. Humo mna kanzu, magauni na mikanda ambayo wanachama wakongwe wametoa. Mgeni huazima, huvaa siku hiyo, kisha hurudisha. Sharti la mavazi lenyewe si kali: inatosha umejaribu. Kanzu iliyokatwa kama herufi T kutoka kwa shuka kuukuu inakubalika, na wakongwe humkalisha mgeni chini wakamfundisha kuishona. Wanaopigana nao huwa na deraya za kuazima mazoezini, japo pengine kofia inapwaya na kunuka jasho la watu kumi.

Lakini lililonigusa zaidi ni hili la ada. Kwa kawaida, kuhudhuria hakumlazimu mtu awe mwanachama. Huko Marekani asiye mwanachama huongeza kiasi kidogo mlangoni, basi. Uanachama wenyewe unahitajika unapotaka cheo au kushindania taji, na watu wa nyumba moja hupunguziwa. Yaani mtu huonja kwanza, kisha hulipa. Sisi tulimtaka alipe kabla hajaonja! Wapo watakaosema kwamba bila ada chama kitakufa. Ni kweli tunahitaji pesa za karatasi na za kuchapisha jarida hili, ila hazipatikani kwa kumfukuza mtu ambaye angelipa muhula wa pili.

Nimemwomba mwalimu mlezi kabati lililo nyuma ya maktaba, amekubali. Kidato cha nne, kabla hamjaondoka, leteni leso na kanzu msizozihitaji. Mimi nimetia shuka mbili. Yule msichana nimemtafuta nikamweleza; amesema atafikiria.