Nanga ya Mchangani
Sehemu ya Pili: Kigingi cha mwani kinapohamia maji ya kina

Katika sehemu ya kwanza tulieleza nanga za vyombo, namna dau lililotia nanga Malindi au mbele ya Forodhani linavyotegemea kucha za chuma zinazokwaruza chini mpaka zipate pa kushika. Leo tuvuke kisiwa cha Unguja twende pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani. Huko kinachoshikwa si chombo bali shamba zima, na wanaolifunga shamba hilo chini ya bahari wengi wao ni wanawake.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, baada ya miaka mingi ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Utaratibu wake haujabadilika sana. Vijiti viwili vinapigiliwa mchangani, kamba inakazwa katikati yake, na vipande vya mbegu vinafungwa kwa tai-tai, yaani vikamba vyembamba, kimoja baada ya kingine. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa. Kazi hufanyika maji ya bamvua yanapokupwa, maana tofauti ya kupwa na kujaa Zanzibar hufikia mita 4, na shamba linalofunikwa kabisa jioni mchana huwa linafikika kwa miguu.

Kwa maji hayo mafupi, kijiti cha mti kinatosha. Kamba inakivuta kwa ubavu, na mchanga ulio mbele yake unakataa kusukumwa. Shida yake ni kutodumu, si kukosa nguvu: wadudu wa baharini hukitoboa, kikaoza, kikakatwa kingine, na vingi vya vijiti hivyo hutoka katika mikoko na vichaka ambavyo kisiwa hakina vya kupoteza.

Mambo yamebadilika kwa sababu bahari imepata joto. Aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, haivumilii joto la maji mafupi ya pwani. Hupauka, ikalainika, ikakatika. Ndiyo maana Dk. Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, alishughulika na kuihamishia kotonii kwenye maji ya kina, ikiwamo kuipanda ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija. Maji ya kina ni baridi zaidi na hayakauki. Lakini huko kamba haikai tena karibu na mchanga. Inaelea kwa maboya, na kila wimbi linapoinua boya, kamba inakivuta kigingi kwa mshazari kuelekea juu. Kigingi kinatikisika, tundu lake linapanuka, na upepo wa kusi ukishika kwa siku kadhaa, kinang'oka na kuondoka na mavuno.

Jibu la haraka ni uzito: gunia la mchanga, jiwe, au tofali la zege. Naheshimu jibu hilo kwa kuwa halihitaji fundi, ila hesabu yake inamuonea mkulima. Mchanga mkavu wa kilo 50 ukizamishwa unabaki na uzito wa kilo 31 tu, kwa sababu maji yanaubeba uliobaki. Zege la kilo 50 linabaki na kilo 29 hivi. Na likivutwa kwa ubavu, tofali linaanza kuteleza kabla nguvu haijafika uzito huo, pengine kwenye nusu yake. Kwa hiyo mama anapakia kilo 50 kwenye ngalawa, anazishusha kwa mgongo wake, halafu anapata mshiko wa kilo 15.

Njia bora ni kuufanya mchanga wenyewe uwe mzigo, na imejulikana kwa karibu karne mbili. Alexander Mitchell, mhandisi wa Ireland aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana, alisajili mwaka 1833 nguzo ya chuma yenye bapa la mzunguko chini yake, inayoingia ardhini kwa kuzungushwa. Mwaka 1838 nguzo tisa za namna hiyo zilizungushwa kwenye mchanga wa Maplin, mlangoni mwa mto Thames, zibebe mnara wa taa mahali ambapo msingi wa mawe ungezama. Wafanyakazi walisimama juu ya chelezo, wakazizungusha nguzo kwa nguvu za miguu na mikono. Hapakuwa na mashine ya mvuke.

Chukua sasa kigingi cha mti chenye unene wa sentimita 5, kilichozama sentimita 60. Kikivutwa wima, kinachokizuia ni msuguano wa mchanga kwenye ubavu wake, na kwa kanuni za kawaida za wahandisi mchanga uliolowa unatoa baina ya kilo 10 na 25. Weka mahali pake chuma chembamba chenye bapa la upana wa sentimita 10, kina kilekile. Ili bapa hilo ling'oke, lazima liinue mchanga wote ulio juu yake, ambao hupanuka kadiri unavyokaribia usawa wa juu. Ukipunguza sehemu inayobebwa na maji, mchanga huo unafikia kilo 100. Hiyo ni hesabu ya karatasini, na mchanga laini utaipunguza, kwa hiyo ningemshauri mkulima asikitegemee zaidi ya kilo 50. Hata hivyo, chuma cha kilo mbili au tatu kinalishinda tofali la kilo 50, na kinabebeka kwapani.

Kukitengeneza hakuhitaji kiwanda. Fundi wa kuchomelea anachukua nondo ya milimita 20, anaikata ncha yake kwa mshazari, halafu anakata duara la chuma cha bapa chenye unene wa milimita 4. Duara linachanwa kutoka ukingoni hadi katikati, na kingo mbili za mchano zinavutwa, moja juu na nyingine chini, ziachane sentimita 3. Hapo linachomelewa kwenye nondo. Kila mzunguko mmoja utakizamisha sentimita 3, kwa hiyo mizunguko 20 inatosha kufikia sentimita 60. Juu kabisa panawekwa pete.

Pete hii ndiyo ninayoisisitiza, kwa sababu inafanya kazi mbili. Kamba inafungwa hapo, na hapohapo bomba refu lenye mchano chini linakaa kuizungusha. Bomba hilo likitokeza juu ya maji, hakuna haja ya kupiga mbizi, na jambo hilo ni kubwa, kwani wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Aliyesimama maji ya kifua anaweza kuzungusha peke yake. Anayezungusha kutoka ngalawani ataona ngalawa ndiyo inayozunguka, isipokuwa imefungwa mbele na nyuma. Kadiri bomba linavyokuwa gumu kuzunguka, ndivyo mshiko ulivyo mkubwa, na likiendelea kuwa jepesi hadi mwisho, hapo mchanga haufai, pahamwe. Pete izame mpaka usawa wa mchanga, kwani nondo ikibaki imesimama juu, kamba itaipinda. Msimu ukigeuka, inazungushwa kinyume na kutoka nzima.

Bado kuna mawili yanayotukwaza. Chuma kitupu kwenye maji ya chumvi hakidumu, na rangi haisaidii kwa kuwa mchanga huikwangua siku ya kwanza tu. Lazima kipakwe zinki baada ya kuchomelewa, si kabla. Gharama hiyo kikundi cha wakulima kinaweza kuibeba kwa pamoja, na wanafunzi wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, Mbweni, wangefanya jambo la maana kukijaribu pamoja na wakulima wenyewe, kwa mizani ya kupima mvuto na kwa misimu miwili, kaskazi na kusi.

La pili ni mwamba. Sehemu nyingi za mashariki ya Unguja zina mchanga mwembamba juu ya jiwe la matumbawe, na bapa haliingii jiweni. Kabla ya kuzungusha chochote, piga nondo nyembamba chini. Ikigonga kabla ya sentimita 60, usilazimishe. Pini za mwambani, na namna ya kuzifunga bila kuvunja matumbawe yaliyo hai, tutazieleza katika sehemu ya tatu.