Fahamu: Alama ya $ inayosubiri amri yako

Ukifungua dirisha la amri kwenye kompyuta nyingi za Linux, alama ya $ hukungoja uandike. Alama hiyo huongozwa na kigezo PS1, kilichokuja na programu ya kupokea amri ya Stephen Bourne. Programu hiyo ilitoka na toleo la saba la mfumo endeshi wa Unix mwaka 1979. Bash, programu huria ya aina hiyo ya mwaka 1989, ikakirithi kigezo hicho.

Unaibadilishaje?
Katika .bashrc, faili la mipangilio ya Bash, andika PS1='\u@\h:\w\$ ', hifadhi, kisha fungua dirisha jipya. Utaona jina lako, jina la kompyuta na folda uliyomo.

Ina faida gani?
Anayehudumia seva kadhaa hujua yuko wapi kabla hajafuta kitu. Kwenye seva inayotumiwa na wateja, ipe alama hiyo rangi nyekundu ikutahadharishe: faili likishafutwa kwa amri, halipiti kwenye pipa la taka.