Akaunti za watumiaji katika mazingira yaliyotengwa ya Linux

Akaunti za watumiaji katika mazingira yaliyotengwa ya Linux ni kumbukumbu za watumiaji na vikundi zinazotunzwa ndani ya sehemu ya kompyuta iliyotenganishwa na mfumo mkuu. Sehemu hiyo ina faili na programu zake, lakini hutumia kerneli ileile ya mfumo mkuu. Mifano ni chroot, iliyoanza katika Unix toleo la 7 mwaka 1979, na kontena kama zile za Docker, programu iliyotolewa mwaka 2013.

Namba na majina

Kerneli haitambui majina bali namba, kama msahihishaji wa mtihani anayeona namba ya mtahiniwa tu. Kila mtumiaji ana namba iitwayo UID, na kila kikundi kina namba iitwayo GID. Mtumiaji mkuu, yaani root, ana UID 0. Majina ya watumiaji yameandikwa katika faili /etc/passwd na ya vikundi katika /etc/group. Nywila hutunzwa kwa fumbo katika /etc/shadow.

Mazingira yaliyotengwa huwa na faili zake za namna hiyo. Kwa sababu hiyo namba moja inaweza kuwa na wenyewe wawili. Tuseme namba 1001 ni ya Asha katika mfumo mkuu, na ni ya Juma ndani ya chroot. Faili aliyoiandika Juma, ikitazamwa kutoka nje, itaonekana kuwa mali ya Asha. Akiweza kuifikia saraka ilimo, Asha ataisoma na kuibadilisha. Njia ya kuepuka jambo hili ni kupanga namba mapema, ili zisigongane.

Kuongeza watumiaji na vikundi

Ikiwa mazingira yako katika saraka /srv/darasa, amri hizi huunda kikundi na mtumiaji wake:

groupadd -R /srv/darasa -g 2000 walimu
useradd -R /srv/darasa -u 2001 -g walimu -m asha

Alama -R huelekeza amri kwenye mazingira hayo. Ikisahauliwa, akaunti itaongezwa kwenye mfumo mkuu. Alama -m huunda saraka ya nyumbani. Kumwingiza mtumiaji katika kikundi kingine hutumika usermod -aG. Bila herufi a, mtumiaji huondolewa katika vikundi vyake vingine vya ziada.

Usalama

Ndani ya chroot, root ni root yuleyule wa nje, naye anaweza kutoka humo. Kwa hiyo chroot peke yake si ukuta wa ulinzi.

Linux toleo la 3.8, la mwaka 2013, liliwezesha watumiaji wa ndani kupewa namba tofauti nje. Kwa mfano, UID 0 ya ndani inaweza kuwa 100000 nje. Mafungu ya namba hizo huandikwa katika /etc/subuid na /etc/subgid, na mara nyingi kila fungu huwa na namba 65536. Hivyo root wa ndani akifaulu kutoka, huko nje ni mtumiaji asiye na mamlaka. Katika Docker ya kawaida mpango huu haujawashwa. Msimamizi hana budi kuuwasha mwenyewe.