Unene wa Mtoto Si Siha Daima

Wazazi wengi humsifu mtoto mnene. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watoto milioni 37 wa chini ya miaka 5 walikuwa na uzito uliozidi kiasi.

Hatari huanza tumboni: uzito mkubwa wa mama kabla ya mimba, sukari nyingi katika damu yake, au uvutaji wa sigara. Baadaye huongezwa na maziwa ya kopo, vyakula vya kulikiza vinavyotangulia miezi 6, soda, na usingizi haba.

Kadi ya kliniki ndiyo mizani ya kweli, wala si macho ya jirani. Siku ya malipo ya mazao, zawadi ya mtoto na iwe ndizi au yai, si soda.