Kihariri cha Kuanzia

Wengi wanaoanza kujifunza programu hukimbilia Word, kwa kuwa ndiyo wanayoijua. Andika humo print("Habari") na Word itazipinda alama za kunukuu ili zipendeze. Ukiinakili kwenye Python, inagoma: haizitambui alama zilizopinda. Utaukodolea macho mstari huo usione kosa. Notepad ya Windows haipindi kitu, ila nayo ina vituko vyake. Mara nyingine unahifadhi faili kwa jina la hesabu.py, kumbe imebandika .txt mwishoni, na Windows kwa kawaida huuficha mkia huo.

Kihariri cha msimbo huhifadhi maandishi yalivyo, bila urembo. Hupaka rangi maneno ya lugha ya programu na kuipa mistari namba, jambo linaloonekana dogo hadi Python ikuambie kosa liko mstari wa 14.

Kwa anayeanza na Python, mimi humwelekeza Thonny, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanafunzi hasa. Inakuja na Python yake ndani, kwa hiyo usakinishaji ni mmoja tu. Utamu wake ni kuiendesha programu hatua kwa hatua. Chukua kitanzi kinachojumlisha 1 hadi 5: kila ukibonyeza, kwenye kidirisha cha pembeni unaiona jumla ikitoka 1 kwenda 3, 6, 10, 15. Mwalimu angehitaji ubao na chaki nyingi kukuonyesha hayo.

VS Code ya Microsoft, iliyotangazwa mwaka 2015, ndiyo utakayoshauriwa na kila mtu. Ni ya bure na ni nzuri, lakini imejengwa juu ya msingi uleule wa kivinjari cha Chrome, na laptopu yenye RAM ya GB 4 itahema. Pia inapenda kukumalizia maneno; zima hilo kwanza, vidole vizoee. Kwa kurasa za HTML kwenye Windows, Notepad++ inatosha kabisa.

Wakongwe watakusifia Vim, ya Bram Moolenaar, iliyotoka 1991. Ukiifungua bila faili, huenda ikakuomba uwasaidie watoto wa Uganda, maana Moolenaar aliwahi kujitolea huko, katika kituo cha watoto cha Kibaale. Changia, ila kuitumia subiri kwanza. Ukijikuta umenasa humo, bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter.